Vilima Viwili Kando ya Kaboni

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, tarehe 3 Julai 2091, mstari wa zirkoni ulisimama kwenye 182.2.

Dkt. Otilia Kikoti aliisoma tarakimu hiyo kwenye kioo cha mtambo, akaiandika kwa kalamu ya risasi, kisha akasogea pembeni ili shahidi naye aisome. Shahidi alikuwa Bwana Oswini Gama, mkaguzi wa Ofisi ya Vipimo, mtu mnene aliyevaa makoti mawili na kufunga muhuri wa serikali kiunoni kwa mnyororo mfupi. Gama aliinama, akasoma, akafungua jalada la kijani alilotoka nalo Dodoma, akalinganisha. Jalada lilikuwa la mwaka 2062. Ndani yake mliandikwa 182.2.

"Zimefanana," alisema. "Basi tugonge muhuri, mtani, nikaliwahi jua. Na mbona tangu nifike Mufindi sijamwona mbwa hata mmoja? Mmewala wote?"

"Waliwafuata babu zenu mlipokimbia vita," Otilia alimjibu bila kuinua macho. "Hawajarudi."

Gama alicheka mpaka mnyororo ukalia. Yeye alikuwa Mngoni wa Songea, Otilia Mhehe wa hapo hapo Mufindi, na baina ya Mngoni na Mhehe maneno ya namna hiyo ndiyo hodi na karibu. Walikuwa wameyasema kila asubuhi kwa siku tatu, tangu sampuli ilipotolewa kwenye chupa yake ya ombwe na kuingizwa mtamboni.

Muhuri huo ungeipa tarakimu ile uhai mwingine. Sheria ya Marudio ilikuwa fupi, na Otilia aliijua kwa moyo: kila kipimo kilichobeba uhai wa watu kirudiwe kabla hakijatimiza miaka thelathini, kwa sampuli ile ile, kwa njia ile ile, mbele ya shahidi, na matokeo yatiwe saini ndani ya saa arobaini na nane. Kikifanana na cha kwanza, kitaishi miaka thelathini mingine. Kisipofanana, kila kilichojengwa juu yake kitasimama siku hiyo hiyo.

Juu ya 182.2 palikuwa pamejengwa mengi. Utando wa zirkoni, wenye unene wa atomi kumi na nne tu, ulikuwa umepakwa kwenye vali za moyo ili damu ipite bila kuganda na mgonjwa aishi bila dawa. Watu 61,204 walikuwa nao vifuani, wengi wao waliougua koo utotoni, koo likapuuzwa, likazaa baridi yabisi ya moyo. Wengine 412, watoto wote, walikuwa wamepangiwa upasuaji Julai na Agosti. Wa sabini na tatu katika orodha hiyo, tarehe 14 Julai, alikuwa Skolastika Kikoti, mtoto wa miaka tisa, binti wa Fidelis, kaka yake Otilia. Otilia alimweleza Gama habari hiyo kwa maandishi siku ya kwanza. Gama alipekua sheria, akakuta imekataza faida lakini haikukataza undugu, wakaendelea.

Kazi yenyewe haikuwa na mwujiza. Chini ya misonobari ya Kituo cha Mwanga kulikuwa na handaki la duara la mita mia tano, na humo elektroni zilikimbizwa mpaka zikatoa eksirei kali na nyembamba kuliko uzi wa buibui. Eksirei ilipogonga utando iling'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Zilizong'olewa chini hazikufika nje, zilipotelea njiani. Zilizotoka zilikuwa za ngozi ya juu kabisa, na kila moja ilikuja na nishati iliyotaja atomi ilikotoka na jinsi atomi hiyo ilivyoshikwa na jirani zake. Zirkoni iliyoshiba oksijeni hutokea kwenye 182.2. Yenye njaa ya oksijeni hutokea chini kidogo, kwenye 181.6. Iliyoshiba hutulia karne nzima. Yenye njaa huinyonya oksijeni ya damu polepole, huvimba, na mwisho hubanduka.

Gama alikuwa ameshafungua kidau cha wino alipoona Otilia hajaondoka kwenye kioo. Alikuwa anatazama mchoro wa kaboni. Mtambo wa mwaka 2062 ulikata mchoro huo kwenye 291, kwa kuwa hakuna aliyehitaji zaidi. Kipokezi kipya kilichora kila kitu bila kuulizwa. Kando ya kilele kirefu cha kaboni, kwenye 293 na 296, palikuwa na vilima viwili vidogo, kimoja kikiwa nusu ya mwenzake.

"Hivyo ni nini?" Gama aliuliza.

"Potasiamu."

"Ina ubaya?"

"Haina. Ila haikupaswa kuwapo."

Alimwomba asigonge muhuri kwanza, mpaka apitie ghala. Gama alitazama saa yake, akasema serikali imempa uvumilivu wa saa arobaini na nane na ametumia nusu saa tu.

*

Ghala lilikuwa banda la mabanzi nyuma ya jengo la duara. Siku hizi liliwekwa masanduku, lakini mwaka 2062 ndilo lililokuwa chumba cha kuandalia sampuli, na Otilia, akiwa na miaka ishirini na minne, alilifungua kila asubuhi kabla ya wengine.

Alisimama mlangoni kidogo. Misumari ya kutundikia makoti ilikuwa bado pale, sita, na wa kwake ulikuwa wa chini kwa sababu alikuwa mfupi kuliko wote. Hakukuwa na sababu ya kuigusa, akaigusa.

Juni ya mwaka ule barafu iliganda juu ya majani mpaka saa mbili. Profesa Gaudensi Mligo, aliyebuni utando, alikuwa mkali kwa habari ya usafi kuliko mtawa. Viatu vilivuliwa nje. Ndani zilivaliwa kandambili zilizooshwa, glavu, na kofia ya kufunika nywele, na aliyepiga chafya alitolewa nje kama mtoto mtundu. Watu sita walivumilia yote hayo kwa furaha, kwa sababu mwisho wa meza palikuwa na jiko. Lilikuwa jiko la mkaa wa miti ya miwati, la Otilia, alilotoka nalo nyumbani kwao. Aliliwasha kila siku saa moja. Juu yake ilichemka chai ya tangawizi, ya majani yaliyochumwa mteremko wa pili kutoka pale, na chini majivuni viliiva viazi. Profesa alikunywa kwa kikombe cha bati, miguu ikiwa karibu na makaa, akisimulia jinsi mtambo wao wa kwanza ulivyowasili katika masanduku kumi na tisa na mbegu za alizeti zikiwa zimejaa katika moja, na mpaka leo hakuna ajuaye nani alizifunga humo. Kisha wakanawa, wakavaa glavu upya, wakachukua sampuli zilizokuwa zikikauka upande wa pili wa meza ile ile, wakaziingiza mtamboni.

Hakuna aliyeuhesabu moshi kuwa uchafu. Ulinuka kama nyumbani.

Otilia alifungua sanduku la Juni 2062, akakaa juu ya jingine, akaufuata mstari wa makosa kwa utaratibu.

Utando haupitishi umeme. Unapong'olewa elektroni hubaki na chaji, na chaji hiyo husogeza tarakimu zote kwa pamoja, kama mizani ambayo sahani yake imeshapakiwa jiwe kabla hujaweka nyama. Lazima upate kitu kimoja unachokijua, ukifanye kigingi, na vingine vyote uvipime kutoka hapo. Mahali pengi kigingi hicho kilikuwa taka ya hewa yenyewe, ile kaboni nyembamba inayotua juu ya kila kitu duniani, ambayo ilikubaliwa kuwa iko kwenye 284.8. Kipo kigingi bora zaidi, tone la dhahabu, na dhahabu ya Chunya haikuwa mbali. Lakini kifaa cha kuiyeyushia mwaka ule kilikuwa kimekwama bandarini.

Taka ya hewa kweli iko kwenye 284.8. Masizi ya mkaa siyo taka ya hewa. Atomi zake zimelala matabaka matabaka kama za kalamu ya risasi, nazo ziko kwenye 284.2. Wao walishika masizi wakidhani wameshika taka ya hewa, wakaisogeza tarakimu yake juu kwa 0.6, na zirkoni ikapanda nayo. Vile vilima viwili vya potasiamu vilikuwa majivu. Hakuna kingine mle chumbani kilichokuwa na potasiamu, isipokuwa viazi.

Ukitoa 0.6 katika 182.2 unapata 181.6.

Masizi yalikuwa bado juu ya sampuli, yametunzwa katika ombwe kwa miaka ishirini na tisa kama hati ya ardhi. Ndiyo maana njia ile ile ilileta jibu lile lile asubuhi hiyo, na ingelileta hata baada ya miaka mia.

Chini ya sanduku alikuta nakala ya barua ya mwaka 2064. Maabara moja ya ng'ambo ilitengeneza utando kwa maelekezo yao, ikapata 181.6, ikauliza. Kituo kiliijibu kwa adabu kwamba bila shaka hawakuoka utando ipasavyo. Baada ya miezi minne maabara ile iliandika tena kuwa imeoka upya na sasa inapata kitu kilicho karibu na 182. Barua ile ya Kituo ilikuwa na saini ya Profesa. Maneno yalikuwa ya Otilia. Alizikumbuka hata rasimu.

Ndani ya barua palikuwa na picha. Watu sita wamejibana mbele ya meza, wanacheka kitu ambacho hakimo pichani. Nyuma pameandikwa 11 Juni 2062, siku ya kipimo. Kushoto jiko, kulia sampuli chini ya kitambaa. Otilia aliipima meza iliyokuwa bado pale, akapima picha, akapiga hesabu. Baina ya jiko na sampuli palikuwa na sentimita arobaini na tatu.

*

Profesa Mligo alikuwa na miaka themanini na minne, mjane, akiishi mwendo wa dakika arobaini kutoka Kituoni. Otilia alimkuta ameketi uani juani, blanketi magotini.

"Kamwene, Profesa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mkaguzi amekuchosha?"

Alimpa picha kwanza. Haikuwa hila, alitaka tu aione kabla ya yale mengine. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akawataja wote kwa majina kuanzia kushoto, na watatu waliokufa aliwatajia na mwezi. Akauliza walikuwa wanacheka nini. Otilia alisema alikuwa akijiuliza hilo njia nzima. Walikaa na picha ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, wala hakuna aliyeona haraka.

Kisha akampa mchoro. Profesa aliusoma kutoka kulia kwenda kushoto, alivyozoea, akafika kwenye vilima viwili, akasimamisha kidole.

"Miwati," alisema.

"Ndiyo."

"Nani mwingine ameviona?"

"Gama ameviona. Hajui vinasema nini."

"Na njia ile ile imetoa ngapi?"

"Mia na themanini na mbili nukta mbili."

"Basi sheria imeridhika." Alisema hivyo akiutazama ua wa michongoma.

Aliutetea utando wake kama mtu anayemtetea mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, kwa sauti ya chini na bila matusi. Alisema umefanya mtihani mgumu kuliko wa eksirei, miaka ishirini na tisa ndani ya damu. Otilia alimweleza habari za vifo vinne vya miaka miwili iliyopita, wagonjwa ambao utando wao ulikutwa umebanduka na madaktari wakaandika kuwa ni maambukizi. Mzee aliuliza umri wa vali hizo. Otilia alimtajia: ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na tisa.  Tarakimu zilizopangika namna hiyo Profesa alikuwa amewafundisha wanafunzi kuziogopa.

Kisha akasema, "Mtoto wa Fidelis ni lini?"

"Tarehe kumi na nne."

"Saini kesho kutwa kwamba zimefanana. Tarehe kumi na tano fungua shauri jipya, na barua ya kwanza nitaiandika mimi. Siku kumi na mbili, Otilia. Binti apate vali yake, aishi miaka thelathini bila kidonge, na kabla haijachoka mtakuwa mmeshabuni nyingine."

Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa maana halikuwa la kijinga. Otilia alikuwa amelipigia hesabu akiwa njiani. Kwa kasi ya vifo iliyojulikana, uwezekano wa kumpoteza mtu mmoja kwa ajili ya siku kumi na mbili za ukimya ulikuwa asilimia saba. Na upande wa pili palikuwa na vali ya zamani ya chuma, ya kudumu, lakini inayodai vidonge vya kuzuia damu kuganda kila siku mpaka kufa, damu ya kupimwa kila mwezi, kila jeraha kuwa jambo la hospitali. Na siku binti huyo atakapobeba mimba, madaktari watakaa kuchagua baina ya hatari ya mama na hatari ya mtoto. Hesabu, ikiachwa peke yake, iliegemea kwenye kusubiri.

"Katika siku hizo kumi na mbili," alisema, "wanaowekewa ni watoto sabini na wanane. Mmoja ana shangazi anayejua. Sabini na saba hawana."

Profesa aliirudia picha. Kidole chake kilitulia juu ya jiko, likiwa dogo kama punje ya mtama.

"Ilikuwa chai nzuri, lakini," alisema.

"Ilikuwa nzuri sana."

"Jiko lilikuwa lako. Chumba kilikuwa changu. Usithubutu kuandika jina lako peke yako."

Aliomba abaki na picha. Otilia alimwambia ni ushahidi, atamletea nakala. Mzee alicheka hadi akakohoa, akasema kumbe kuna kitu kimoja alimfundisha vizuri.

*

Tarehe 4 Julai, saa nne na dakika tano asubuhi, tone la dhahabu lenye upana wa nywele mbili lilipakwa kwenye kona ya sampuli, ndani ya ombwe, mbele ya shahidi. Gama alikuwa amepekua sheria tena usiku na kukuta kwamba inalazimisha njia ya zamani ila haikatazi kuongeza nyingine. Aliongeza onyo. Akiandika tarakimu mbili, alisema, sheria inamlazimisha kufuata iliyo mbaya.

"Najua," alisema Otilia.

"Na jana ungenyamaza nisingejua."

"Najua hilo pia."

Dhahabu iliwekwa kwenye 84.0, mahali pake popote duniani. Zirkoni ilitokea kwenye 181.6. Otilia alirudia mara tano, akihamisha mwale kila mara ili eksirei yenyewe isiharibu ngozi anayoisoma. Zilikuwa 181.6, 181.6, 181.5, 181.6, 181.6. Gama aliandika zote tano. Siku hiyo hakuuliza habari za mbwa.

Taarifa ilikuwa na kurasa nne. Kifungu cha sababu kilikuwa na sentensi saba, na ya tatu ilisomeka: "Jiko la mkaa wa miwati liliwashwa kila siku katika chumba cha maandalizi, sentimita arobaini na tatu kutoka kwenye sampuli, na O. Kikoti, kwa ridhaa ya G. Mligo." Profesa aliletwa kwa gari kutia saini. Alisahihisha kitu kimoja tu. Pale palipoandikwa "chumba" aliongeza "changu".

Tarehe 5 Julai, saa tatu kamili asubuhi, Gama aligonga muhuri. Ulisomeka HAKIFANANI. Hadi saa nne, vyumba vyote vya upasuaji vilivyotumia utando vilikuwa vimepata amri ya kusimama, na hospitali zilikuwa zimeagizwa kuwaita wenye vali za miaka ishirini na mitano na kuendelea, watu 3,118, wakaguliwe.

Sheria ilimkataza Otilia kumwambia mgonjwa wala ndugu zake kabla ya muhuri. Saa nne na dakika kumi alimpigia Fidelis. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama alivyoyaandika, jiko likiwa ndani yake. Kaka yake alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa fundi seremala, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na Otilia alitumaini kuwa hilo lingesaidia.

"Ungeweza kungoja mpaka tarehe kumi na tano?" Fidelis aliuliza.

"Ningeweza."

"Hukungoja."

"Sikungoja, kaka."

Alisikia msumeno wa mtu mwingine ukifanya kazi nyuma yake. Kisha simu ikakatwa.

Vali za chuma zilizopatikana bohari zilikuwa tisini na sita. Ziligawanywa kwa kufuata orodha ilivyokuwa, bila kumruka mtu wala kumpandisha. Kila mzazi alielezwa kwa lugha yake na kupewa siku mbili za kuamua. Wa kwanza katika orodha alikataa, akachagua kungoja utando mpya. Wa pili alikubali. Wa sabini na tatu, Fidelis Kikoti, alisaini siku ya pili, dakika ishirini kabla ya muda kwisha.

Upasuaji ulifanyika tarehe 14 Julai, ukachukua saa nne na dakika hamsini. Otilia alikuwa Kituoni. Habari aliipata kwa wifi yake, mke wa Fidelis, kwa ujumbe wa maneno matatu: ametoka, yuko hai.

Tarehe 22 Julai alasiri alifika wodini. Fidelis alikuwa kitini kando ya kitanda. Walisalimiana kwa kifupi, kama watu waliokutana msibani. Baadaye Fidelis aliinuka, akakisogeza kiti kuelekea kwa dada yake, naye akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo.

Skolastika alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, midomo ikichezacheza. Otilia alikaa. Wodi ilikuwa kimya, ndipo akasikia kutoka kifuani mwa mtoto mlio mdogo wa chuma, mkavu, wa kwenda kwa kipimo, kama kijiko kinachogongwa polepole kwenye ukingo wa bilauri. Utando haukuwa na sauti. Katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kusikia moyo namna hiyo. Alitazama saa yake, akaanza kuhesabu kwa mnong'ono.

"Shangazi," mtoto alisema bila kufumbua macho, "hesabu kimoyomoyo. Unanichanganya. Nilikuwa nimefika hamsini."

Otilia aliomba radhi. Walikubaliana waanze upya kwa pamoja, kila mmoja na yake, na Otilia aseme sasa, na aseme basi. Alisema sasa saa kumi na dakika sita jioni. Dakika ilipotimia alisema basi.

Otilia alipata tisini na mbili. Skolastika alipata tisini na moja. Otilia aliziandika zote mbili.